Papa alipeleka mukojo ku bureau

Leo papa yangu alitoa mukojo wake mu mufuko, akauweka juu ya meza ya assistante sociale, mufanyakazi wa bureau ya musaada.

Ndiyo. Mukojo.

Papa anaishi na musaada wa serikali ya huku ugenini tangu mugongo ulimushinda. Jana, na kifaransa yake kidogo, alisikia ku télé banasiasa banabishana: batu ba musaada bapimwe mukojo, kuona kama banakunywa drogue, madawa ya kulevya, ao hapana? Banabishana tu. Sheria haiko.

Mimi nilizania tunapeleka makaratasi ya kila mwaka. Kumbe muzee alibeba chupa ya confiture, ameifunga na sachets mbili za plastiki, amebandika na jina yake!

Assistante akabadirika rangi. "Monsieur, hakuna mutu alikuomba hii."

Nikatafsiri. Papa akajibu polepole: "Mwambie najua. Kila mara banaomba karatasi ile sina. Leo nimetangulia. Apige cachet, muhuri ya bureau, ionyeshe nilileta."

Cachet! Ya mukojo!

Assistante akasema hawezi. Papa akaomba tena. Muzee mwenye hajaonja hata bière, anabembeleza mutoto wa miaka makumi mbili na tano amuandikie: huyu eko safi. Na mimi katikati, natafsiri. Bon, ungefanya nini?

Tukarudi na bus, barabara ya Chaussée d'Ixelles yote, chupa ku magoti yake.

Munipe akili, ndugu zangu. Ku nyumba nimemuelezea mara tatu: Papa, ni mabishano tu, hakuna mwenye kukuomba kitu.

Akasema "d'accord", sawa. Akafungua frigo, akaipanga chupa nyuma ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo.

"Siku bataomba, iko tayari."