Niliita Mwizi kwa Ajili ya Tisheti

Nimekosa. Sitaanza na maisha yangu magumu ili mnihurumie, kwa sababu yule kijana hakuhurumiwa na mtu. Mimi ndiye niliita mwizi. Mimi ndiye nilipiga wa kwanza. Wengine walikuja nyuma yangu.

Wanaonijua sokoni hapa Eldoret wananijua kwa mdomo. Nikiita wateja, mtu aliye ng'ambo ya barabara anageuka. Hasira pia ninayo, hiyo sikatai. Mume wangu husema nikikasirika hata kuku wanaingia ndani bila kufukuzwa.

Nauza mitumba, lakini si kila mtumba. Mimi ni wa tisheti, na hasa zile vijana wa chuo wanaziita vintage. Zimepauka, shingo imelegea, mchoro umepasukapasuka. Kifuani kuna timu ya Marekani iliyokufa zamani, ama uwanja uliobomolewa, ama sherehe ya mji ambao hakuna mtu Eldoret ameuona. Usiniulize kwa nini mtoto wa mtaa wa Kapsoya anataka kutembea na timu ya besiboli ya wazee waliokwisha kuzikwa. Anataka, na mimi ninazo!

Siku moja nilifungua belo, lile robota la mitumba, nikapata moja, haki ya Mungu, nikaacha zingine zote chini. Ilikuwa ya njano iliyofifia. Kifuani kulikuwa na gurudumu kubwa la kubebea watu, la bustani fulani ya starehe kando ya ziwa huko Ohio, na maneno ya kuiaga hiyo bustani ilipofungwa. Ufa ulikata lile gurudumu kutoka juu hadi chini, ukapinda kidogo ulipofika kwa kiti cha tatu.

Nguo kuukuu naijua kwa vidole. Nikaupapasa ule ufa nikajiambia, hii imevaliwa, imefuliwa, imeanikwa juani miaka na miaka, na hakuna nyingine kama hii duniani. Mjinga mimi!

Niliiangika juu kabisa ya kibanda changu. Nguo bora kuliko zote kwenye belo tunaiita kamera, na hii ilikuwa kamera ya kamera. Watu walisimama kuiangalia tu. Niliipenda, na muuzaji hafai kupenda hivyo.

Mchana wa Jumanne nikatoka kidogo kwenda msalani. Kurudi, henga iko tupu!

Nikachemka. Nikapekua kila rundo. Nikamgeukia jirani yangu wa kibanda, Mama Shiku, nikamwambia amekaa pale kama gunia la viazi na mwizi anapita mbele yake. Yeye akaapa hajaona mtu, alikuwa anabishana na mteja. Nikatafuta chini ya meza, nikatafuta kwa majirani, nikatukana kila aliyecheka.

Haukupita muda, nikaiona. Ilikuwa inakuja kwa miguu!

Kijana mrefu, mwembamba, anakula mahindi choma, anapita katikati ya vibanda polepole kama mtu asiye na deni la mtu. Na kifuani mwake gurudumu langu. Nilimsogelea mpaka karibu. Ufa ule ule. Kiti cha tatu, unapinda pale pale.

"Wewe! Hiyo nguo umetoa wapi?"

Akatabasamu. Lile tabasamu ndilo lilinimaliza. "Hii? Nililetewa, Mama."

"Na nani?"

"Na rafiki yangu. Alikuwa kwa mbio huko Marekani."

"Vua."

"Nivue nguo hapa kwa watu?" Akacheka. "Ai, Mama, wacha mchezo."

Mkononi nilikuwa na ule mti mrefu wa kushushia nguo, wenye msumari uliopindwa mwishoni. Nilimpiga nao kwa sikio. Msumari ukapasua. Akashika sikio, akaangalia mkono wake, ukawa mwekundu. Hakunirudishia! Aliinua tu mikono yote miwili, na hindi bado ameshika.

Basi nikafungua huu mdomo.

"Mwizi! Mwizi! Mwizi!"

Woi! Wale wa bodaboda waliacha pikipiki zikiwa zinanguruma. Teke la kwanza liliingia tumboni, akakunjika. La pili likampata usoni. Mtu akaja na jiwe kubwa kama mkate, mwingine na mkanda, mwingine amenyakua mpini wa jembe pale nje ya duka la hardware. Hakuna aliyejua ameiba nini. Walikuwa wanapiga wakiulizana, "Ni nini? Ni simu?" Na bado wanapiga! Hata Mama Shiku, mama wa kanisa, nilimwona akiinama kuokota jiwe.

Nilisikia meno yake yakivunjika. Sauti hiyo nikiosha vyombo inanirudia.

Na aliniita. Katikati ya mateke yote hayo aliniita mimi. "Mama, waambie! Mama, mwenye alinipa yuko, tumpigie simu! Mama!"

Unajua mimi nilifanya nini? Niliinama juu yake nikamvua tisheti. Naam! Watu wanampiga mateke, mimi namvuta mikono itoke kwa nguo. Nikawa nawafokea, "Msiimwagie damu nguo yangu! Ni ya pesa hiyo!" Nilivuta mpaka ikatoka, kichwa chake kikagonga lami, nikaenda zangu na nguo.

Nilikuwa nimepiga hatua chache tu mpini ulipoanza kushuka kwa goti. Ulishuka tena, na tena. Alilia sauti ambayo mtu mzima halii. Kisha mtu akasema tairi, na tairi ikaja, sijui ilitoka wapi haraka hivyo. Kijana wa boda akaanza kukinga petroli kwa chupa ya soda.

Aliyemwokoa ni mlinzi wa lile duka la hardware. Alimshika makwapa, akamburuta ndani, akateremsha mlango wa chuma, yeye akabaki nje na rungu lake. "Mnipitie mimi kwanza," akasema. Jiwe lilimpata begani, hakusonga. Walipiga ule mlango kwa mawe mpaka polisi wakafika, kila mtu akakumbuka ana kazi.

Nami nilikuwa nafua. Niliifua damu ya mtoto wa mtu kwa maji baridi, kwa sababu maji moto hugandisha doa. Na bado nilikuwa na hasira! Nilikuwa nanung'unika kwamba doa la shingoni halitoki.

Asubuhi yake Mzee Wafula akaja. Huyu hutupigia pasi, ana pasi yake ya makaa upande wa chini wa soko. Huwa anapita vibandani, anachukua nguo zilizojikunja, anarudisha zimenyooka. Jana yake alifunga mapema akaenda matanga, hakujua lolote.

"Mama Brayo, kazi yako ni tayari," akasema. "Jana nilipita hukuwa. Hata ile ya juu nilikushushia, ilikuwa na mikunjo. Nikaona nisikuache uaibike kwa wateja."

Juu ya rundo lake, imekunjwa vizuri, ilikuwa ya njano. Gurudumu. Ufa. Kiti cha tatu.

Nyuma yangu, kwa waya, ile nyingine ilikuwa bado inadondoka maji.

Nikazilaza pamoja mezani. Zilifanana mpaka unywele. Nikapitisha ukucha kwa ule ufa, kumbe si ufa! Umechapwa. Ule uzee wote umechapwa kiwandani, kupauka kwake, kupasuka kwake, nguo moja baada ya nyingine, kwa ajili ya watu wanaotaka kitu kipya chenye sura ya zamani. Pengine ziko maelfu. Mimi ninayejua nguo kwa vidole!

Nilikaa chini kwa matope. Mzee Wafula akainama, akaniuliza kwa upole, "Mama, umepata habari ya kifo?"

Nilifunga kibanda nikaenda hospitali, kule polisi walikompeleka yule kijana.

Sikumtambua kwa uso, kwa sababu uso haukuwepo. Nilimtambua kwa urefu. Taya limefungwa waya, mguu umening'inizwa, sikio limeshonwa pale nilipolipasua. Kando yake ameketi mama mmoja wa makamo, amevaa gambuti zenye tope la shamba. Alikuwa ametoka kijijini Soy alfajiri, moja kwa moja kutoka kukamua ng'ombe.

"Wewe ni nani, dada?" akaniuliza.

"Mimi nauza pale sokoni."

Alisimama akanikumbatia! Alinishika kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi. "Ni wewe! Nimeambiwa kuna mama wa sokoni aliinama juu ya mtoto wangu wakimrushia mawe. Ulimfunika na mwili wako!"

Kumbe walioniona kwa mbali ndivyo walivyoona.

Akanieleza akilia. Mtoto huyu anafanya mazoezi ya mbio Kaptagat. Miaka yote amekuwa akiwavutia wenzake kasi tu, anatangulia mbele kuwapa mwendo, wao wanasafiri, yeye anabaki. Sasa alikuwa amepata mbio yake mwenyewe ya kwanza ng'ambo, na siku ile alikuwa amekuja mjini kutafuta begi la safari. Daktari amesema kifupa cha goti kimesagika.

Hapo ndipo ningesema. Si nina mdomo mimi? Ule mdomo wa kuita soko zima uko wapi?

Nilisema, "Mungu ni mwema."

Tukashikana mikono tukamwombea. Nikaitikia amina juu ya kitanda chake! Macho yake yalikuwa yamefumba kwa uvimbe, sijui kama alinisikia.

Basi yule mama akanifanya dada yake. Kila alipokuja mjini kumwona mtoto alipitia kwangu na chupa ya mursik, yale maziwa ya mgando ya kwao, akisema nimekonda sana. Nami nilikunywa, jamani. Nilikunywa nikamrudishia chupa tupu. Mama Shiku alikuwa anatuangalia, hasemi kitu, na ninyi mnajua kwa nini.

Kisha siku moja akaja na kijana mwenyewe. Yuko kwa magongo, waya zimetolewa mdomoni, meno ya mbele hakuna. Mama yake anang'aa kwa furaha. "Nimemleta akushukuru mwenyewe! Mwanangu, huyu ndiye."

Kijana aliniangalia. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Mama," akasema, "mimi nilikuibia nini?"

"Unasema nini wewe?" mama yake akashangaa.

"Ni huyu alinipiga wa kwanza. Ni huyu aliita."

Yule mama akanigeukia, na ile furaha ilikuwa bado haijamtoka usoni. "Dada, mwambie si wewe. Amechanganyikiwa na dawa. Mwambie."

"Ni mimi," nikasema.

Ile chupa ilinipata katikati ya paji la uso. Kioo kikapasuka, maziwa na damu vikanijaa machoni. Nikaanguka juu ya rundo la nguo, na yeye juu yangu. Mikono ya kukamua ng'ombe, wacha nikwambie, ina nguvu! Alinipiga ngumi mdomoni, kwenye huu mdomo hasa. Kisha akanishika koo akakaza. Sikuinua mkono. Nilisema moyoni, acha amalize.

Ndipo nikasikia mtu nyuma. "Huyo mama anamuibia Mama Brayo! Mwizi! Mwizi!"

Na viatu vikaanza kukimbia.

Niliona kwa jicho moja kijana wa boda, yule yule wa chupa ya petroli, anaokota jiwe. Niliona mwana anainua gongo amkinge mama yake, mguu ukamkataa, akaanguka kifudifudi kwa lami. Mtu akamkanyaga mkono akipita. Walikuwa wanakuja!

Sijui nilipata wapi pumzi. Niliivuta ile mikono shingoni mwangu nikapiga kelele ambayo sijawahi kupiga.

"Hakuna mwizi! Hapa hakuna mwizi! Hata siku ile hakukuwa na mwizi! Nguo yangu ilikuwa kwa pasi! Ni mimi niliwadanganya, tukavunja mtoto wa watu bure!"

Jiwe lilianguka chini. Hakuna aliyeniuliza zaidi, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa na mkono wake kwa ile damu. Walianza kuondoka mmoja mmoja. Mama Shiku akawa anakunja nguo zilizokunjwa tayari.

Yule mama aliniacha. Si kwamba alinisamehe, alichoka tu. Alimwinua mtoto wake, akampangusa vumbi magotini kama mtoto mdogo, wakaenda. Hajarudi.

Jioni hiyo hiyo nilikwenda polisi na kitambaa kichwani nikaandikisha maelezo. Kesi iko, yatakayonipata yanipate. Sokoni hawanisalimii, si kwa sababu ya nilichofanya, ni kwa sababu nilikisema. Na kijana hatakimbia tena. Nasikia sasa anamsaidia mama yake kukamua, ameketi kwa kigoda na mguu umenyooka mbele.

Wewe unayesoma, ukisikia mtu anaita mwizi, weka hilo jiwe chini. Usijidanganye kwamba utamuuliza kwanza mwenye mali kama ana uhakika. Mngeniuliza mimi siku ile, ningewaapia kwa Mungu na kwa watoto wangu. Nilikuwa na uhakika kabisa.