Moshi Unaolala Kwa Mogaka

Mogaka alizaliwa Kisii, kwenye mlima ambao ng'ombe wako akiteleza unamfuata kwa jirani, kwa hiyo msimlaumu sana. Mtu aliyelima mteremko tangu utotoni, mkono mmoja jembe na mwingine umeshika nyasi asiporomoke, ukimwonyesha ardhi tambarare anapagawa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa sitini na saba, alipopelekwa kuona shamba bondeni, chini ya kijiji cha Kiptere. Aliweka chungwa chini, akaliachia. Chungwa halikubiringika. Yesu wangu! Akalinunua shamba siku hiyo hiyo.

Hakujiuliza kwa nini Wakipsigis wa pale, watu wenye macho na akili zao timamu, walikuwa wamejenga wote juu na kule chini wakawaachia vyura. Mzee Chepyegon, aliyemuuzia, wala hakumficha. Alimwambia, "Rafiki yangu, hapa chini iko baridi sana. Na moshi inalala hapa."

Mogaka alicheka mpaka akashika kiuno. Moshi kulala! Tangu lini? Moshi hupanda juu, na yeye ndiye wa kuulizwa, maana kazi yake ilikuwa kulisha kuni tanuru la kiwanda cha chai kule ng'ambo ya bonde. Fundi wa moshi mzima afundishwe moshi na mchunga ng'ombe?

Basi akajenga, akamleta mkewe Bochaberi na watoto. Na bonde likamwonyesha. Mwezi wa saba ukungu ulishuka ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga, na moshi wa jikoni ukagoma kutoka hata kwa kupepewa. Hiyo ilikuwa salamu tu. Januari kiangazi kikaingia, na juu kote watu wakaanza kuchoma mabua na nyasi kavu, kusafisha mashamba kabla ya mvua za Machi. Jioni baridi ikateremka kutoka milimani, ikausomba moshi wa kila mtu, pamoja na ule wa kiwanda, ikauweka mlangoni kwa Mogaka. Mchana bwana huyu alitengeneza moshi kwa mshahara, na jioni akaukuta umemtangulia nyumbani.

Bochaberi alikuwa mwimbishaji wa kwaya kanisani, mwanamke wa maneno mengi na sauti ya kuyatosha. Kiangazi cha kwanza alikohoa. Cha pili akaacha kuimba. Mogaka, daktari wa kujisomea, akagundua chanzo: ni vumbi la mahindi. Halafu akagundua ni pilipili. Mara ikawa ni maziwa ya mursik ambayo Chelangat, mke wa Chepyegon, alikuwa akiwaletea kwa kibuyu, eti yale makaa wanayosugulia kibuyu ndiyo yanakwaruza koo. Kila kitu kilikuwa na kosa isipokuwa ile hewa.

Daktari wa zahanati akampima Bochaberi kifua, akamwambia Mogaka waziwazi, "Mtoe mama katika hewa hiyo, la sivyo utamzika." Mogaka akaitikia kwa heshima, akarudi nyumbani akapanua madirisha ili hewa nzuri iingie. Ikaingia ile iliyokuwepo.

"Baba Bosire," mkewe alimwambia kwa vipande, akivuta pumzi kila baada ya neno, "tujenge juu. Chelangat anasema... watatupa mahali."

"Juu wapi? Twende kuning'inia kama popo?" Mogaka akapiga kifua. "Mama Bosire, watu wanalia hawana shamba kama hili. Vumilia, mvua inakuja."

Mvua! Mwaka wa sabini na moja mvua yenyewe ilikuwa imetia pamba masikioni. Februari ikaisha, Machi ikaingia, na watu juu wakaendelea kuchoma. Asubuhi moja Bochaberi alijaribu kumwita mtoto na jina likamkwama kooni. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mogaka akashikwa na hofu, na kwa kuwa hofu ilimwaibisha, akaigeuza hasira. Akachukua fimbo akapanda kwenda kumgombeza Chepyegon kwa moshi wake.

Alipofika juu alikuta jua. Jua kamili, anga ya buluu, nguo zimeanikwa, kuku wanapekua, na Chepyegon ameketi nje na kikombe cha chai. Mogaka akageuka aonyeshe kwa fimbo nyumba yake iliyoonewa. Hakuiona. Bonde lote lilikuwa limefunikwa, jeupe na kijivu, hakuna paa, hakuna mti. Na kutoka ndani ya ule ufuniko kikohozi kikapanda, kidogo, kikavu, kimoja baada ya kingine.

"Ni mama Bosire," Chelangat alisema kwa upole. "Kila asubuhi tunamsikia. Akikohoa tunajua yuko. Akinyamaza ndio tunaogopa."

Wote watatu wakasimama wakisikiliza. Kikohozi kikaja, kikaja tena, kisha kikakatika.

Fimbo aliitupa hapo hapo. Mtu wa milima ya Kisii aliteremka siku hiyo kama alivyoteremka utotoni, kwa matako na kwa viganja, Chepyegon akimfuata nyuma. Bochaberi alikuwa ameketi kizingitini, ameegemea mwimo, macho wazi, anavuta hewa isiyokuja. Alikuwa mwepesi. Hilo lilimuuma Mogaka kuliko yote, jinsi alivyokuwa mwepesi mgongoni, na njia nzima ya kupanda alilia bila kujificha.

Wakamketisha juani kwa Chelangat. Asubuhi ikasogea, pumzi ikaanza kurudi kidogo kidogo, rangi ikarudi midomoni. Mwishowe Bochaberi akamtazama mumewe, akafungua kinywa, akaanza. Alimwita mbuzi. Akamwita ukoo mzima wa mbuzi, akataja madirisha, akataja pilipili, akataja kila kiangazi kwa mwaka wake, maneno yakifuatana bila hata moja kukwama. Mogaka alikaa chini kwenye nyasi mbele yake akayapokea yote, na alipoona anaelekea kunyamaza, akamshika miguu akamsihi aendelee.