Shati la Kumzikia Baba

Baba alianza kuulizia shati la kuzikiwa miezi michache kabla hajafa, na alikuwa akiliulizia kama mtu anayeagiza chai.

"Mnitafutie shati la pamba ya kwetu," alisema. "Iwe imelimwa hapa, ikasokotwa hapa, ikafumwa hapa. Siingii kaburini na nguo ya mzungu aliyekufa, mimi."

Mama alikuwa jikoni, yaani upande wa pili wa pazia. Zile nyumba za zamani za mtaa wetu wa Jericho, Nairobi, zilijengewa wafanyakazi, na aliyezichora hakufikiria kwamba mfanyakazi naye huwa na mke na watoto. Nikasikia sufuria ikitua kwa kishindo. Nikajua amesikia.

Nguo ya mzungu aliyekufa ndiyo iliyotulea. Mama aliuza mitumba soko la Jericho tangu nikiwa darasa la pili hadi magoti yake yalipokataa, na hakuna ugali tuliokula, daftari tuliloandikia wala kiatu tulichovaa ambacho hakikutoka kwenye yale mabeli yake ya nguo kuukuu. Baba alijua. Ndiyo maana nilipomsikia akisema vile, nilitamani kumjibu, na mimi hasira zangu haziko mbali. Lakini utamjibu nini mtu ambaye sukari imemla macho na sasa inammaliza figo?

Ukitaka kujua bara hili limetendwa nini, usiende mbali, njoo nyumbani kwetu. Nyanya yangu, mzaa baba, aliishi karibu na ziwa. Chifu alikuja na mbegu za pamba akamwambia apande, na hakuwa anaomba. Nyanya akang'oa mtama akapanda pamba. Mwaka ambao mvua ilikataa, watoto wake walilala njaa kando ya shamba lililobaki na pamba chache nyeupe, maana pamba hailiwi. Ile iliyovunwa ilipakiwa kwenye treni ikaenda ng'ambo, ikarudi imekuwa kitambaa, na nyanya akauziwa.

Kisha uhuru ukaja, vikajengwa viwanda, na baba akaja Nairobi kufuma. Alifanya kazi Indaa, kule eneo la viwanda, akienda kwa miguu kila asubuhi, na alikuwa na maringo, we! Alitembea katikati ya barabara. Alikuwa akituambia kwamba pamba anayochuma mama yake kule nyumbani inapita mikononi mwake huku, inatoka ikiwa shuka, na shuka hiyo inamrudia mama yake bila kugusa maji ya bahari. Hakuwa na ushahidi kwamba ni pamba ileile, lakini nani angembishia?

Halafu milango ya nchi ikafunguliwa kwa bidhaa za nje. Hakuna aliyetupiga risasi. Yalikuja mashati tu, safi, yamekunjwa, rahisi kuliko uzi ambao baba alikuwa akiufuma. Kiwanda kikapunguza watu, kikapunguza tena, kikafungwa. Kule ziwani kinu cha kuchambulia pamba nacho kikafungwa, na watu wakang'oa pamba. Baba alirudi nyumbani mchana mmoja akakaa kitandani na viatu. Mama alimtazama wiki hiyo, akamtazama na iliyofuata, kisha akaenda soko la Gikomba akarudi na beli.

Siku za kufungua beli zilikuwa kama sikukuu kwetu sisi watoto. Mama alikata kamba, nguo zikafura sakafuni, na wanawake wa jirani wakaingia kugombea kamera, yaani zile nguo nzuri za kwanza kabla hazijafika sokoni. Baba alichukua kigoda chake, akatoka, akaketi nje akiupa mlango mgongo mpaka zoezi liishe. Kila mara. Mtaa mzima ulijua. Wenzake walikuwa wakimtania, "Mzee, umefukuzwa na mzungu?" na yeye hacheki. Hakuwahi kushika nguo hata moja ya mama, wala kumbebea mzigo, wala kusema asante. Alikula chakula kile akinyamaza. Inaniuma mpaka leo.

Alichotufundisha sisi ni kuchoma uzi. Alikuwa na vipande vya kitambaa alivyopewa kiwandani, na mama akiwa sokoni alituketisha kaka yangu na mimi, akachomoa nyuzi, akawasha kiberiti. Uzi wa pamba unanuka karatasi iliyoungua na unaacha jivu, ukiligusa linapotea. Uzi wa plastiki unanuka plastiki, unajikunja, unaacha punje nyeusi ngumu. Basi. Hilo ndilo somo pekee alilokuwa nalo la kuturithisha, na alilirudia mpaka tukachoka.

Kwa hiyo aliposema shati la pamba ya kwetu, tulijua atalichoma.

Kaka yangu, anayeishi Donholm na anayependa kumaliza mambo haraka, alikuja na shati la kitenge lenye maua makubwa. "Buda, cheki hii. Ya Kiafrika kabisa." Mama alikuwa ameenda kanisani. Baba akapapasa, akaomba kiberiti, nikamchomea uzi. Aliisugua ile punje kati ya vidole vyake, kisha akalirusha shati mpaka mlangoni.

"Hii imetoka China na meli! Mnaniona nimepofuka na akili?"

Kisha akalia, na sikuwa nimewahi kumwona baba akilia. Alisema alifuma vitambaa vya kuvisha nchi nzima na sasa hakuna kipande cha kumfunika yeye.

Nilitafuta, Mungu anajua. Nilizunguka maduka ya mjini, nikaenda Eastleigh, nikauliza mafundi wa cherehani. Wengine walinicheka. Wengine waliniambia kinachofumwa hapa siku hizi ni kidogo, na uzi wenyewe mara nyingi umetoka nje. Nilirudi kwangu mtaa wa Fedha nimechoka, nikaketi nikitazama nyufa za ukuta. Nyumba zetu kule zinapasuka kila baada ya mvua kwa sababu ya udongo mweusi unaofura, ambao mafundi wa ujenzi wanauita udongo wa pamba. Pamba yenyewe haijawahi kuota pale. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Jumamosi moja mama akatuita. Tulimkuta amevaa vizuri, ameshika shati jeupe lililofungwa kwenye gazeti. Alikuwa amelifua, akalipiga pasi ya makaa, na nilipoinua kola niliona matundu madogo pale alipofumua lebo.

"Mzee," akamwambia baba, "nimekupatia. Kuna fundi alikuwa amebaki na jora la zamani la kiwanda chenu. Nimemwambia akushonee."

Mama hajui kusema uongo, sauti inampanda. Baba alilipapasa shati. Kisha akasema, "Lete kiberiti."

Nilitaka kuwazuia. Kaka yangu akaniangalia, akatikisa kichwa. Mama mwenyewe, aliyesikia tu kwamba pamba hupimwa kwa moto, ndiye aliyechomoa uzi kwenye pindo, kwa furaha kabisa, maana lebo ilikuwa imemwambia ni pamba tupu. Akauchoma. Ukajikunja. Chumba kikanuka plastiki. Punje nyeusi ikabaki, na mama akaiweka mwenyewe kwenye kiganja cha baba, akasimama akimtazama usoni kama msichana anayengoja matokeo ya mtihani. Hakujua punje ile ina maana gani. Angejuaje? Baba hakuwahi kumfundisha, kwa sababu hakuwahi kukaa naye mbele ya nguo.

Baba aliisugua kati ya vidole. Aliisugua muda mrefu. Kisha akapapasa hewani akautafuta mkono wangu, akaniwekea ile punje kiganjani na kunifumba vidole, akavibana mpaka nikaumia.

"Ni pamba," akasema. "Ni ya kwetu kabisa. Asante, mama watoto. Umehangaika sana."

Mama akafunika uso kwa leso, akatoka nje.

Baba alifariki muda si mrefu baada ya hapo, tukamsafirisha magharibi, kwao ziwani, tukamzika na shati hilo. Waombolezaji waliokuja kumpa mama pole aliwaelezea wote, mmoja mmoja, jinsi alivyomtafutia mumewe pamba ya kwao mpaka akaipata, na jinsi mzee alivyoipima kwa moto mwenyewe akaikubali. Bado anaelezea. Jumapili iliyopita alimweleza jirani mpya, akanigeukia, "Si ulikuwepo, mwanangu? Mwambie alivyosema."

"Alisema ni pamba," nikamwambia jirani.