Maziwa Niliyompa Mbwa wa Mke Mwenzangu

Tulikuwa wanne siku alipoletwa kwangu. Mimi. Mke mwenzangu, aliyeolewa na marehemu mume wetu miaka kumi na moja baada yangu. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu wa pili, anayekaa nami akijifunza ushonaji. Na jirani wa mlango wa kushoto, fundi cherehani, ambaye mama yake alikuwa shoga wa mama yangu. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, hata la yule bibi tajiri wa Nyarutarama ambaye mke mwenzangu alimpikia miaka mingi. Sitayaandika. Wa tano alikuwa mbwa, naye jina alikuwa hajapewa.

Alikuwa kama chungwa. Ni wale mbwa wa kubebwa mkobani, hata wakizeeka hawamzidi paka. Mama yake alikufa akizaa huko Nyarutarama, mwenye nyumba akachoka kumlea, akampa mpishi wake. Na mpishi, mke mwenzangu, hakujaliwa mtoto. Mimi ninao watano. Niyaseme mapema hayo, maana ndiyo yaliyolala katikati yetu miaka yote, nyumba mbili katika ua mmoja hapa Nyamirambo, tukisalimiana vizuri na kuchunguzana vizuri.

Mke mwenzangu alikuwa anakwenda hospitali kupasuliwa jicho, siku tano. Pikipiki ilimngoja nje.

"Bi Mkubwa," akaniambia, "sijawahi kukuomba kitu."

"Uliniomba nusu ya mume, nikakupa."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Mke mwenzangu hakucheka.

"Kila baada ya saa mbili apewe chakula hiki cha kopo, kiloweshwe kwa maji ya vuguvugu. Hiki tu. Asipokula anaanguka. Na asipate baridi."

"Nimelea watano, Bi Mdogo. Huyu wako ni robo ya mtoto."

Neno lilikuwa limeshatoka. Aligeuka, akaenda kupanda pikipiki.

"Sasa malaika watapitia wapi," jirani akanitania, "na wewe umefuga mbwa?"

"Watapitia kwako, kama watavumilia kelele za cherehani."

Tulikuwa bado tunacheka pikipiki ilipoondoka.

Nilimweka barazani ndani ya kikapu, chupa ya maji moto chini ya kitambaa. Kando niliweka ndoo ya maji na bakuli lenye udongo, nijitoharishe mate ya mbwa kabla ya sala. Mjukuu aliangalia saa kwenye simu yake. Siku ya kwanza mbwa alikula, akatetemeka, akalala, akala tena.

Siku ya pili alikataa. Alinusa ile rojo akageuza uso. Nikainusa na mimi: vumbi. Nikasema moyoni, huyu ni mtoto aliyekosa mama, na anachopewa ni vumbi la kopo. Huku kwetu mgonjwa hupewa maziwa, mzazi hupewa maziwa, mgeni wa heshima hupewa maziwa. Nikamtuma mjukuu akaleta ya moto, yale tunayoita inshyushyu, yenye utando juu.

"Bibi, si alisema hiki cha kopo tu?"

"Alisema kwa kuwa hajazoea kulea."

Alikunywa. Jamani, alivyokunywa! Tumbo likawa ngoma. Nilifurahi, na ndani ya furaha ile kulikuwa na kitu kingine ambacho sasa nakiona: nilifurahi kwamba mimi nimejua na yeye hakujua.

Asubuhi kitambaa chote kilikuwa kimechafuka. Anaharisha maji matupu. Nikaona tumbo limebaki tupu, nikampa maziwa tena. Adhuhuri alijaribu kusimama, kichwa kikayumba, akalegea. Fizi zilikuwa nyeupe na baridi. Mjukuu akampigia simu daktari wa mifugo, naye daktari akatuambia tupake asali kwenye fizi wakati yuko njiani. Nikapaka kwa kidole. Baada ya muda alifumbua macho, akanyanyua kichwa, akanitazama. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Daktari alipofika alivuta ngozi ya shingo, ikabaki imesimama.

"Amekula nini, mama?"

"Maziwa."

Laiti angenikemea. Alisema tu kwamba wadogo kama hawa maziwa ya ng'ombe huwaharisha, na huyu hana akiba yoyote mwilini. Akamdunga maji chini ya ngozi. Akatuambia tuendelee na asali. Kurudi hakukutaja.

Tukaendelea. Kila tulipopaka aliamka, lakini kwa muda mfupi kuliko mara iliyotangulia. Mke mwenzangu akapiga simu.

"Amekula?"

"Amekula," nikajibu. Nilijiambia asali nayo ni chakula.

Alirudi alasiri ya siku ya tano, jicho moja limefungwa bandeji. Mbwa alikuwa anapumua bado, kwa mbali. Nikamwekea kiganjani. Akampapasa mbavu, moja moja.

"Ulimpa nini?"

"Maziwa."

"Kama ulivyowapa wanao."

"Kama nilivyowapa wanangu."

"Wako walikua," akasema.

Mbwa alikufa kabla ya magharibi, mkononi mwake. Nilichukua jembe nimchimbie. Akalipokea kwangu kwa adabu, kama mtu anayeazima chombo kwa jirani, akachimba mwenyewe nyuma ya bafu. Siku hizi hunisalimia kwanza, kama zamani. Kuomba, haniombi tena. Mtaani husemwa Bi Mkubwa alimwonea wivu hata mbwa. Nijitetee kwa lipi? Nilimpenda yule mbwa, na najua pia kile nilichokifurahia.

Ndivyo ninavyokumbuka. Mjukuu anasema maziwa nilimpa mara nne. Mimi nakumbuka mbili. Jirani anasema Bi Mdogo, akiwa juu ya pikipiki, aligeuka akapaza sauti: "Maziwa usimpe!" Mimi sikumbuki kusikia. Nawe uliyekuwa unapita njiani siku ile, kama nimekosea, nisahihishe. Kama kweli Bi Mdogo alisema, niambie hivyo hivyo.