Pua Inasikia

Asubuhi hii jirani kaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nilipokifungua tu, harufu ya moshi wa mzeituni ikanipanda puani, nikawa tena jikoni kwetu Karatu.

Nilikuwa nimerudi kutoka shule nikilia. Mwalimu aliuliza kazi ya pua, nikajibu, "Inasikia harufu." Darasa zima likacheka: masikio ndiyo husikia, pua hunusa. Kaka yangu akakibeba kile kicheko hadi nyumbani.

Mama alikuwa anafukiza kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha mzeituni. Akamwita kaka. "Utaniambia nimekushikia nini," akasema, kisha akamfunga macho kwa khanga, akamziba masikio kwa pamba, akamsogezea kibuyu puani.

Kaka, kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe, alipayuka mpaka kuku wakakimbia nje: "Nasikia harufu ya kibuyu."

Mama akamtoa pamba taratibu. "Umeisikia kwa sikio lipi, baba?"

Kikombe cha kwanza cha maziwa, ambacho siku zote kilikuwa chake, jioni ile nilipewa mimi. Nilikaa karibu naye, nikanywa polepole, ili anisikie nikimeza.