Siku Kenchi za Mama Zilipotuanika

Nilianza kwa kusikia kikohozi. Kilikuwa kikavu, kifupi, cha mtu anayemeza kicheko kwa nguvu, na kilitokea juu, kwenye mabati, utadhani kuna mzee amepanda kwenye kenchi za nyumba yetu akae atusikilize. Tulikuwa chumbani kwa Mama, kule Ruiru, mlango umefungwa, tunazungumza mambo ambayo hayakustahili kusikiwa na mtu, na nilipoinua macho nimtafute huyo anayekohoa niliona mbao zangu nzuri tu, na ukuta ulioishia njiani, na juu yake uwazi mtupu unaoelekea sebuleni. Nawaambieni haya kwa sababu nimechoka kuyasikia yakisimuliwa na wengine kila tukikutana kwa matanga na harusi, na kila mara yanaongezwa chumvi, kumbe aibu yenyewe ilikuwa inatosha bila chumvi.

Chanzo ni dari. Au tuseme, kukosekana kwa dari.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa chuoni nasomea usanifu wa majengo, na nilikuwa nimeambukizwa neno moja: tektoniki. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba uzuri wa jengo hautoki kwenye mapambo yanayobandikwa juu yake, unatoka kwenye namna lilivyoungwa: ubao unavyoukalia ukuta, uzito unavyoshuka kutoka paani hadi kwenye msingi, na kwamba neno lenyewe lilianzia kwa Wagiriki wa kale, ambao kwao lilimhusu seremala na kazi ya mikono yake. Jengo jema, alisema, haliifichi mifupa yake. Mimi (nilikuwa kijana wa kulia machozi nikiona kiungo cha ubao kilichokatwa vizuri, msinicheke) nililibeba neno hilo hadi nyumbani kama mtu aliyeokoka jana.

Mama alikuwa anamalizia nyumba yake. Sofbodi za dari zilikuwa zimeshaletwa, zimeegemezwa ukutani, na fundi alikuwa tayari na misumari yake. Nikamzuia. Nikamwambia Mama kwamba kuziba kenchi zile ni kuivisha nyumba soksi usoni, kwamba nyumba yake itakuwa ya kweli, isiyosema uongo, na nilisema kwa muda mrefu sana, nikionyesha kwa mikono, mpaka Mama, aliyekuwa ametoka shambani na miguu inamuuma, akasema, "Haya, fanya hivyo basi. Bora usiendelee kuongea." Zile sofbodi zikaenda kuzibia nyumba ya kuku. Kuku wetu wakapata dari.

Mtaniuliza kwa nini hatukujua mapema. Mama aliishi peke yake. Mimi nilikuwa hosteli, na dada yangu Nyokabi alikuwa amepanga chumba Thika, alikofanya kazi ya uuguzi. Mtu mmoja na redio yake, ni nani atakayemsikia ng'ambo ya ukuta?

Sasa, Nyokabi alikuwa na rafiki anayeitwa Kariuki, mtu mpole, wa maneno machache, na familia ya Kariuki ilikuja kutoka Ngoliba kutuomba mchumba. Nyokabi alikuwa amengoja siku hiyo kwa muda mrefu kuliko alivyokubali kusema. Wageni wakaketi sebuleni, kreti za soda walizoleta zikapangwa katikati (Mama ni wa kanisa, pombe ya muratina haiingii kwake), na baba yake Kariuki, mzee mnene mwenye kofia, akatazama juu kwa muda.

"Na hii nyumba itaisha lini?" akauliza kwa upole.

"Imeisha, mzee," nikasema.

"Ah," akasema. "Pole."

Nikamweleza tektoniki. Ndiyo, siku hiyo, mbele ya wakwe. Aliitikia kwa kichwa mpaka nilipomaliza, kisha akaomba sukari.

Wageni walipokwisha kusema haja yao, Ankal Mburu, mdogo wa marehemu baba, ndiye msemaji wetu, akaomba ruhusa twende ndundu, maana ndivyo inavyofanywa kwetu: wenye msichana wanajitenga, wanashauriana kwa siri, halafu wanarudi na neno moja. Mimi ndiye niliyewaongoza chumbani. Mimi ndiye niliyefunga mlango kwa uangalifu, nikajaribu kitasa mara mbili.

"Sikizeni," Ankal akaanza, na Ankal ni mtu wa kuongea kama yuko ng'ambo ya mto. "Hawa lazima tuwaringie. Tukatae kwanza, waone tuna madaha. Lakini si kukataa sana! Msichana ni mkubwa huyu, wenzake wana watoto shuleni. Hawa wakipanda gari warudi kwao, nani mwingine atakuja? Tutabaki naye hapa kama debe lililotoboka."

Nilimtazama Mama, nikidhani atamkemea. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu amevivua.

"Hata mimi," akasema polepole, "nimechoka kumwombea."

Ndipo kikohozi kikaja.

Nikamshika Ankal mkono, nikaonyesha juu kwa kidole. Akanitolea macho. "Wewe kijana, wacha mambo ya mbao! Kila mahali mbao! Tunaongea juu ya dada yako!" Na kwa kuwa nimemkatiza, akarudia yote toka mwanzo, kwa sauti zaidi, pamoja na debe. Nikajaribu kunong'ona kwamba wanatusikia. "Nani?" akauliza kwa nguvu. Mama alikuwa ameshaelewa. Aliinua uso, akazitazama kenchi zile kwa mara ya kwanza tangu zipigiliwe, kisha akanitazama mimi, akaanza kuvaa viatu.

Ankal akatutangulia kutoka, akasimama sebuleni, akarekebisha koti. "Wageni wetu," akasema kwa huzuni kubwa, "tumeshauriana. Jambo ni gumu. Msichana wetu bado ni mdogo mno, hata hatujaanza kufikiria habari za kumwoza."

Mabega ya wageni yalikuwa yanatetemeka. Mmoja wa akina mama wao alijifunika uso kwa leso. Baba Kariuki akaweka kikombe chini.

"Sisi hatuna haraka, Mburu," akasema. "Ringeni kwanza. Mkimaliza kuringa mtatuambia."

Wakaangua kicheko, na wa kwetu nao wakacheka, kwa kuwa ungefanya nini? Aliyekuwa hacheki ni Kariuki peke yake, akitazama viatu vyake. Tangu siku hiyo nimeapa sitaizuia dari ya mtu tena, na nikilala kwenye nyumba yenye kenchi wazi hata sala naiomba kimoyomoyo. Lakini kiapo changu hakina faida kwa mtu aliyekuwa jikoni wakati ule, akikoroga supu chini ya paa lile lile.

Kwetu hakuna anayegusa kinywaji cha wageni mpaka msichana aitwe aulizwe mbele ya wote, na neno lake ndilo jibu. Ankal, akijikausha, akamwita. Nyokabi akaja na aproni yake, macho mekundu, akasimama chini ya kiungo cha kenchi nilichokuwa nikikisifu.

"Nyokabi," Ankal akasema, "hawa wageni unawajua? Tunywe soda yao?"

Nje kuku walikuwa wakinong'onezana chini ya dari yao.

"Msinywe," akasema.

"Nyokabi," Mama akaita.

"Mama, umechoka. Nimesikia. Pumzika sasa." Hakupaza sauti. Akafungua aproni, akaikunja, akaniwekea mikononi. "Hii nyumba yako haisemi uongo, kweli." Kisha akamgeukia Kariuki. "Wewe unajua ninapokaa Thika. Ukitaka kuniuliza, uje uniulize mimi. Wazee uwaache nyumbani."

Akachukua mkoba wake juu ya kabati, akapita katikati ya kreti na magoti ya wazee akiomba radhi kila hatua, akatoka, na mlango akaufunga nyuma yake taratibu, mpaka sote tukasikia ulimi wa kitasa ukiingia mahali pake.