Samaki wa Dimbwi la Ukweni

Eda yangu ilipokwisha, mvua zilikuwa zimeanza. Nikafunga mzigo kwenda ukweni, mbele ya Haydom, kutazama dimbwi. Marehemu mume wangu Ramadhani hakukosa kulitazama mwaka wowote. Ndani yake huishi samaki wadogo kuliko kidole. Hukua upesi, hutaga kwenye tope, na maji yakikauka hufa wote. Mayai hubaki ndani ya udongo mkavu kiangazi kizima, yakingoja mvua. Alipokuwa mgonjwa aliuliza nani atawatazama mwaka huu. Nikamwambia mimi.

Asubuhi basi liliondoka Katesh, mlima Hanang ukiwa umejifunika wingu mpaka magotini. Baada ya mashamba ya Gitting mvua ilitukuta, na dunia yote ya dirishani ikawa kama kitu kinachokumbukwa. Abiria wengi walikuwa wanakwenda hospitali ya Haydom. Mama niliyekaa naye aliniuliza ninamuuguza nani. Nikamjibu simuuguzi mtu, ninakwenda kuona samaki. Alinitazama kidogo, akanimegea nusu ya hindi lake la kuchoma, asiulize tena.

Kutoka Haydom nilipanda bodaboda mpaka tope lilipotushinda, nikamalizia kwa miguu. Nilimwamkia mama mkwe shikamoo, naye akanishika mikono muda mrefu. Wifi yangu Halima, mcheshi wa nyumba, ndiye aliyesema, "Wifi, umekuja kututazama sisi au vidagaa vya kaka?"

"Vyote," nikasema.

Kisha nikaiona nyumba. Ilikuwa imekandikwa upya, nyeusi, laini. Halima alieleza kwa fahari kwamba waliitengeneza wakati wa kiangazi kwa ajili ya wageni wa arobaini, kwa udongo wa katikati ya dimbwi, maana unashika kuliko wa ukingoni. Kila mwaka Ramadhani aliwaambia wachukue ukingoni, katikati pana mayai. Mwaka huu hakuwapo wa kukataza. Niliweka kiganja ukutani. Nililala nimeuelekea ukuta ule, nikaota unapumua.

Kesho yake dimbwini maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Niliona viluwiluwi na nyayo za ng'ombe, basi. Mama mkwe alikaa kando yangu akasema samaki hao hushuka na mvua, na mvua bado zipo. Ramadhani aliwahi kuloweka bonge la udongo kwenye beseni ili kumwonyesha wanatoka wapi. Samaki walipototolewa, mama alimwambia mvua imeingia kwenye beseni.

Halima, aliyekuja nasi, alikuwa ameondoka. Alirudi na beseni kichwani, limejaa udongo wa kukandikia uliobaki nyuma ya jiko. Akauvunja taratibu majini.

"Kama nimewamaliza, wifi, niambie."

"Sijui," nikasema. Kweli sikujua.

Mvua ilinyesha tena, nikawa ninakwenda pale kila asubuhi. Siku moja jua likiwa chini niliona vidoa viwili vyeusi vikitembea pamoja, kisha vingine viwili. Yalikuwa macho. Miili yenyewe ilikuwa angavu kama maji. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Kama walitoka kwenye beseni au walikuwa wamebaki, siwezi kusema. Ramadhani alikuwa akiniambia si mayai yote huitikia mvua ya kwanza. Mengine hulala, ili dimbwi likikauka mapema ukoo usikatike.

Nilirudi Katesh kabla hawajapata rangi. Kiangazi kilipoingia, Halima alinipigia simu. Alisema madume walivaa mikia myekundu, majike wakabaki kijivu, na sasa dimbwi limekauka, wamekufa wote. Kabla sijamjibu nilimsikia akimwambia mtu aliyekuja kuchimba udongo:

"Chukua ukingoni, bwana. Katikati pana mayai."

Sauti yake hufanana na ya kaka yake. Sikuwahi kuliona hilo mpaka siku ile.